Siagi ya Shea na Kakao kwa Ngozi na Nywele za Familia

Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza Makete, Njombe au Limuru, ngozi za watoto hupauka, midomo hukatika na visigino vya watu wazima huota magaga. Wengi huongeza mafuta na bado ngozi inabaki kavu. Mara nyingi kosa liko kwenye wakati wa kupaka.

Ngozi kavu imepoteza maji. Siagi ya mimea, kama ya shea au ya kakao, haina maji ya kuipa. Kazi yake ni kulainisha tabaka la juu na kuyazuia maji yaliyomo yasitoke. Ukiipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka kabisa, itazuia nini? Oga kwa maji ya uvuguvugu, maana ya moto sana huondoa mafuta ya asili ya mwili. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, kisha paka mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Chota kiasi cha punje ya harage, sugua viganjani mpaka iyeyuke, ndipo upake. Ikiisha, chota tena kidogo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi apakwe kila siku, hata siku ambazo haonekani kujikuna, pamoja na dawa alizoandikiwa.

Shea

Shea ya ukanda wetu hutoka kaskazini mwa Uganda, kwa Walango, Waacholi na Wateso, hadi Sudan Kusini. Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa. Akina mama huokota matunda yaliyoanguka, nyama yake ikaliwa, kokwa zikakaushwa, zikabanguliwa, zikakaangwa na kusagwa, kisha mafuta yakatolewa kwa maji na moto. Ni kazi ngumu, na mti wenyewe huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, huku wachoma mkaa wakiunyemelea. Kumlipa mwokotaji bei ya haki ni kumpa sababu ya kuulinda.

Shea hii ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam huyeyuka ndani ya kopo, na ikipoa huweza kuganda ikiwa na chengachenga. Haijaharibika; chenga hizo huyeyuka kiganjani. Itupe inaponuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa mno, au ikiota ukungu. Funika kopo, liweke mbali na jua, na chota kwa kijiko kikavu.

Kakao

Siagi ya kakao, zao ambalo watu wa Kyela wanalijua vizuri, ni ngumu hadi iguse joto la mwili. Inafaa viwiko, magoti na visigino. Usoni, mwenye chunusi aiache. Wajawazito huuziwa kwa ahadi ya kuzuia michirizi ya tumbo. Utafiti uliowalinganisha waliopaka krimu ya kakao na waliopaka krimu ya kawaida haukuona tofauti. Ipake kwa ajili ya ulaini, na usiongeze shilingi kwa ahadi hiyo.

Nywele

Kwenye nywele za kipilipili, mafuta ya kichwani hayafiki kwenye ncha kirahisi, ndiyo maana ncha hukatika. Lowesha nywele, paka siagi kidogo kuanzia ncha kurudi juu, kisha suka bila kukaza. Nywele za pembeni zinazong'oka kwa msuko wa kubana haziokolewi na mafuta yoyote. Mba nayo mara nyingi huzidi ukirundika mafuta, kwa sababu fangasi wake hula mafuta. Mapunye huhitaji vidonge kutoka kituo cha afya.

Usipake hapa

Usipake kitovu cha kichanga wala jeraha bichi la moto. Jeraha la moto limwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Siagi hizi hazikingi jua vya kutosha, na mwenye ualbino asizitumie badala ya losheni maalumu, kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Shea halisi haibadilishi rangi ya ngozi. Ukiuziwa "shea ya kung'arisha" kwenye kopo lisilo na lebo, huenda huo ni mkorogo wenye zebaki, ambayo huharibu figo.

Kabla ya kutumia siagi mpya, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja.

Nenda kituo cha afya kama nyumba nzima inajikuna usiku, kwani huo huenda ni upele, au vidonda vinatoa usaha. Nenda pia ukiona baka lisilohisi mguso. Linaweza kuwa ukoma, na dawa zake hutolewa bure.