Mahindi ya saileji yauzwe kwa kilo, si kwa macho

Agosti ikielekea ukingoni, mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Machi na Aprili huko Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kukaza punje, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huanza kuyazungukia. Mnunuzi husimama pembeni mwa shamba, hutazama mabua yaliyompita kimo, kisha hutaja bei ya ekari nzima. Mwenye shamba ana karo ya kulipa, hukubali. Tani ni ngapi? Mara nyingi hakuna anayejua kati yao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mistari ikiachana sentimita 75, mita 5.4 za mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya ekari, hivyo kila kilo inayokatwa hapo huwakilisha tani moja kwa ekari. Mistari ikiachana sentimita 90, hupimwa mita 4.5.

Ugumu uko katika kuchagua pa kukata. Muuzaji atavutia kwenye kichuguu cha zamani, ambako mahindi hunawiri; mnunuzi atapenda kule maji yalikotuama. Afadhali wavuke shamba kwa mshazari, wote wawili, wakikata kila baada ya hatua walizokubaliana kabla ya kuanza. Tuseme sehemu sita zimetoa kilo 13, 16, 11, 15, 9 na 14. Wastani ni 13, yaani tani 13 kwa ekari. Kwa kuangalia ile ya 16 peke yake, mnunuzi angelipia tani tatu zisizokuwepo katika kila ekari. Panga nalo likate kimo kilekile cha mashine, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Na ekari ipimwe kwa tepu, maana hatua 70 kwa 70 hutegemea miguu ya nani.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo wengi hupunjana bila kujua. Saileji nzuri hukatwa mmea ukiwa na ukavu wa asilimia 30 hadi 35. Tani moja yenye ukavu wa asilimia 25 ina kilo 250 tu za chakula. Yenye asilimia 35 ina kilo 350. Kuzilipia sawa ni kununua maji. Ili kujua, mabua yaliyokatwakatwa na kuchanganywa hupimwa gramu 100, hukaushwa kwenye sufuria kwa moto mdogo yakigeuzwa bila kuungua, hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 28, ukavu ni asilimia 28, na zile tani 13 zina thamani ya tani 10.4 za asilimia 35. Kipimo hiki kifanywe karibu na siku ya kukata, kwa kuwa shamba huzidi kukauka kila siku.

Kuhusu bei, muuzaji aanze na thamani ya magunia ya kilo 90 ambayo angevuna, atoe gharama za kuvuna, kupukuchua na kukausha. Chini ya hapo, heri asubiri nafaka. Mnunuzi naye akague magunzi: mabua marefu yasiyo na punje hujaza shimo la saileji, lakini hayana nguvu ya kutosha kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Vipimo, bei na siku ya kukata viandikwe na kutiwa saini na wote wawili, na mashine isiingie shambani kabla ya malipo.