Hezekia aliomba, na tini zikawekwa

Somo: 2 Wafalme 20:1-7

Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Akaugeukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya kabla hajafika mbali, Mungu alikuwa ameshajibu: miaka 15 imeongezwa. Lakini angalia aya ya 7. Nabii yule yule aliyeleta jibu ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Hatusomi kwamba kuna mtu aliyelalamika kuwa tini zimemnyang'anya Mungu utukufu.

Nimeleta hii kwa sababu ya vijana wetu walioshikwa na heroini. Serikali ilianza kutoa methadoni pale Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Mwaka uliofuata Malindi wakaanza, na sasa kliniki kama hizo ziko pia Mombasa, Kwale na Kisumu. Dawa ni bure. Ni ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, hata Jumapili. (Basi mtu akichelewa ibada, usimkazie macho. Pengine ametoka huko.) Kazi yake ni kuzuia arosto siku nzima, ili mtu alale, ale, atafute kibarua badala ya kushinda akitafuta pesa ya unga. Haitibu pombe wala bangi, hapo tusichanganye.

Sasa shida inakuja kanisani. Kijana anaokoka, anaombewa, halafu mmoja wetu anamuuliza: kama umepona, bado unakunywa hiyo dawa ya nini? Anaona aibu, anaacha ghafla. Arosto inamrudia vibaya. Wiki kadhaa baadaye anarudi kwa unga, kipimo kile cha zamani, na mwili haukistahimili tena. Pumzi inakata. Wapendwa, hapo tunaongea habari ya jeneza.

Kuna wanaopunguziwa dozi pole pole mpaka wanaacha, na kuna wanaotumia miaka mingi. Hiyo ni hesabu ya daktari. Si ya mchungaji, wala si ya shangazi.

Hesabu yetu sisi ni nauli. Nilisomea biashara, nivumilieni. Dawa ni bure lakini matatu si bure. Kama ni shilingi 100 kwenda na kurudi, siku 30 ni 3,000, na huyu hana kazi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, lazima apimwe upya kabla hajaendelea na dozi. Yule Msamaria wa Luka 10 alitumia mafuta na divai, akampa majeruhi usafiri, akalipa dinari mbili, na akaahidi kurudi kumaliza deni lililozidi.

Mzazi ambaye hajui aanzie wapi, piga 1192, ni laini ya NACADA na haikukati pesa.

Vikundi vya nyumbani wiki hii: someni aya zote saba, kisha mjibu hili bila kutaja jina la mtu. Katika mtaa wenu, nani anahitaji nauli ya kesho asubuhi, na kikundi kinaweza kubeba siku ngapi?