Mfinyanzi kama Mwalimu: Somo la Udongo katika Shinyanga na Geita

Mwalimu hufika darasani na andalio la somo lililokamilika: madhumuni, zana, hatua na maswali. Mfinyanzi wa jadi hana andalio, wala hasemi mengi. Hata hivyo mjukuu anayekaa naye huja kuwa mfinyanzi. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi anavyofundisha.

Tulikwenda na wanachuo wetu kwa mama mmoja wa Shinyanga aliyejifunza kazi hii kwa shangazi yake. Tulimkuta mjukuu wake, binti wa miaka kumi hivi, akiponda vigae vya vyungu vilivyovunjika. Wanachuo walidhani amepewa kazi ya kumwondoa njiani. Sivyo. Udongo mweusi wa mbuga hunyonya maji ukavimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka, kama kila mkulima wa pamba ajuavyo. Unga wa vigae, au mchanga wa luseni kutoka miinuko ya mawe, hupunguza kusinyaa huko na kuupa unyevu njia ya kutokea. Kwa hiyo mtoto alikuwa amewekwa kwenye kiini cha kazi, ingawa mtungi wenyewe hajaruhusiwa kuugusa.

"Bibi, sasa umelainika?" aliuliza. Bibi hakujibu. Alitia vidole katika unga, kisha akaushika mkono wa mtoto akautia mlemle. Mtoto akaendelea kuponda.

Utaratibu huu si wa Usukuma peke yake. Maria Martinez (1887–1980), wa kijiji cha Wapueblo cha San Ildefonso, Marekani, alianza kwa kumtazama jamaa yake Nicolasa akifinyanga. Baadaye mwanawe na wajukuu wakaifuata kazi hiyo.

Darasani hatuna miaka ya kungojea, lakini kiini hichohicho chaweza kuchukuliwa. Wanafunzi watengeneze vipande vitatu vya udongo, kila kimoja urefu wa sentimita 10: cha kwanza udongo mtupu, cha pili wenye mchanga, cha tatu wenye unga wa vigae. Vikaushwe kivulini, kisha vipimwe. Kilichobaki sentimita 9 kimesinyaa kwa asilimia 10. Hesabu hiyo wataikumbuka, maana wameishika kwa mikono yao. Mwalimu asiwaambie mapema kipi kitapasuka.

Nasi tuliwahi kukosea. Katika shule moja tulichoma vyungu siku ya tatu baada ya kufinyangwa, kwa kuwa mazoezi ya kufundisha yalikuwa yanakwisha. Maji yaliyosalia ndani ya udongo yakageuka mvuke, vyungu vikapasuka kwa kishindo, na watoto wakatawanyika. Ratiba ilikuwa yetu, udongo haukuijua. Mfinyanzi hupasha vyungu vyake moto polepole kabla ya kuvirundikia kuni na nyasi.

Kwa wanachuo watakaopangiwa Geita lipo jambo zito zaidi. Wachimbaji wadogo wengi wametumia zebaki kunasa dhahabu, na mabaki yake hukaa katika matope ya mialo na katika marudio. Matope hayo ni laini na yanavutia. Mtoto atayaleta kwa furaha, akidhani amepata udongo safi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na moto wa kuchomea vyungu huzidi nyuzi 600. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru ubongo na figo, hasa za watoto. Kuchoma udongo wa aina hiyo katika uwanja wa shule ni kuwavutisha darasa zima sumu.

Kwa hiyo mwalimu atangulie mwenyewe kukagua mahali pa kuchimba, akiongozana na mzee wa kijiji anayejua makarasha na mialo ya zamani ilikuwa wapi. Achague mahali palipo juu ya machimbo, maji yake yasikotoka huko, mbali na maduara yaliyoachwa wazi. Akikosa mahali pa hakika, wanafunzi wafinyange na kukausha tu, wala moto usiwashwe.