Wadudu wa Mimea ya Vyunguni na Madebeni

Katika mitaa ya nje ya Dar es Salaam, kama Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, na Mbagala upande wa Temeke, nyumba nyingi hazina nafasi ya bustani. Kwa hiyo watu hupanda mchicha, nyanya, pilipili na maua katika vyungu, madebe, viroba na ndoo zilizotoboka. Kazi hii ni njema na yafaa kusifiwa. Lakini mwenye mmea akiona majani yamejikunja, mara nyingi hukimbilia dawa yo yote iliyo karibu, hata ile ya kuulia mbu. Kisha jioni mchicha ule ule huchumwa, ukapikiwa watoto. Jambo hili ni la hatari, tena halina lazima. Wadudu wengi wa mimea ya namna hii hushindwa kwa vidole, maji na sabuni, mradi wajulikane kwanza.

KWA NINI MMEA WA CHOMBONI HUSHAMBULIWA

Mmea wa shambani hupeleka mizizi yake mbali. Mmea wa debeni hutegemea udongo kidogo tu. Ukikosa maji hudhoofika upesi. Ukitiwa mbolea kupita kiasi huchipua majani mororo, nayo ndiyo wayapendayo wadudu wafyonzao. Tena vyombo hupangwa karibu karibu, hata mdudu hutembea kutoka jani hata jani; na mmea ulio barazani haupati mvua ya kuwaosha wadudu wake.

JINSI YA KUWATAMBUA

Shika jani, uligeuze, utazame chini yake. Huko ndiko wengi wanakojificha.

1. Vidukari. Ni wadogo, laini, wa kijani au weusi, nao hukusanyika penye machipukizi. Katika joto jike huzaa watoto hai bila dume, na watoto hao huanza kuzaa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo wachache wa leo ni jeshi la juma lijalo.

2. Vidung'ata. Huonekana kama vipande vya pamba nyeupe penye maungio ya majani na shina. Wengine hukaa mizizini.

3. Wadudu wa magamba. Hushikamana na shina kama vipele vya kahawia wala hawaendi. Wengi hudhani kuwa ni sehemu ya mti.

4. Nzi weupe. Tikisa mmea, nao wataruka kama vumbi la unga, kisha watarudi.

5. Utitiri mwekundu. Huyu si mdudu hasa, bali ni jamaa ya buibui, mwenye miguu minane. Huzidi wakati wa joto na ukavu. Jani hupata vidoadoa vya manjano, na mwisho huonekana utando mwembamba.

Ama viwavi, hao hujulikana kwa matundu ya majani na kinyesi chao. Yatosha kuwaokota kwa mkono.

Iko ishara nyingine iliyo rahisi: sisimizi. Vidukari, vidung'ata na baadhi ya magamba hutoa maji matamu, na sisimizi huyanywa, nao huwalinda wenye kuyatoa kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake. Basi ukiona msafara wa sisimizi wakipanda shina, wafuate. Watakuonyesha adui alipo. Maji hayo yakibaki juu ya jani huota ukungu mweusi kama masizi.

JINSI YA KUWAZUIA

Kwanza, mche ulionunuliwa kando ya barabara usiuchanganye mara moja na mingine. Utenge kwa muda wa majuma mawili, ukiutazama kila siku.

Pili, ponda kwa vidole, kata tawi lililojaa wadudu, na rushia maji kwa nguvu chini ya majani.

Tatu, wakisalia, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwa majani machache, ungoje siku moja. Kisha nyunyiza jioni, jua likipungua, mpaka chini ya majani palowe. Maana sabuni humwua yule tu aliyeguswa nayo. Rudia baada ya siku tano hata saba, kwa sababu mayai hayafi. Sabuni ya unga isitumike, kwani huweza kuunguza majani.

Nne, twanga kiini cha mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje, unyunyize. Dawa hii haiui papo hapo, bali humzuia mdudu kula na kukua.

Tano, wazuie sisimizi kwa kupaka grisi miguu ya meza ya vyungu. Usiweke visahani vya maji vikae siku nyingi, maana humo huzaliana mbu waenezao homa ya dengi, iliyowapata watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

WADUDU WALIO RAFIKI

Si kila mdudu ni adui. Mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alionekana katika nchi za Kongo, akaenea Afrika, hata Tanzania. Mwaka 1981 wataalamu walimpata adui wake huko Paraguay, nyigu mdogo sana atagaye yai ndani ya kidung'ata. Nyigu hao waliachiliwa, kuanzia Nigeria, na mihogo ikaponyoka. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Basi amwagaye sumu ovyo huua pia askari wake mwenyewe.

ONYO

Ikiwa sumu ni lazima, mwulize kwanza bwana shamba. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Nunua yenye karatasi ya maelezo na iliyosajiliwa, nawe utimize siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma.

Walimu, wapeni watoto mmea mmoja wa debeni, wageuze majani yake kila Jumatatu na kuandika walichokiona. Mtoto aliyezoea kutazama chini ya jani hataleta sumu katika chungu cha mama yake.