Ampli ya Sebuleni: Anzia Kwenye Prizi

Mtu akiingia dukani kutafuta ampli ya sinema, swali lake la kwanza huwa ni idadi ya bafle: tano, saba, au tisa? La pili ni wati. Kwa mkaazi wa Nyalukemba, hapa Bukavu, maswali hayo mawili yanaweza kungoja. Kuna jingine linaloyatangulia, nalo liko ukutani nyumbani kwako: prizi ya sebuleni inatoa umeme wa namna gani jioni, wakati mtaa mzima unapika?

Somo hili nililipia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ampli iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia, uso wake unang'aa bila mkwaruzo. Muuzaji akaniapia: "Papa, hii si ya kuchezea, imetoka Ujapani." Kweli ilitoka Ujapani, na shida ilikuwa hapo hapo. Niliichomeka, ikanguruma kama mzinga wa nyuki, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, basi. Nyuma yake, kwenye kibati kidogo ambacho sikujisumbua kukisoma, paliandikwa AC 100V.

Umeme wetu ni wa volti 220. Ampli iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huandikwa 230V, 50Hz. Hiyo haina neno. Ya Marekani huandikwa 120V, 60Hz, na ya Ujapani 100V. Hizi mbili zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena transfoma yenye nguvu kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibati hicho, si kile kijitransfoma cha kinyozi. Baadhi ya ampli zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Itazame kabla ya kuchomeka, kwa maana aliyeitumia kabla yako hakuwa anaishi Bukavu. Na kama unapenda kusikiliza Radio Okapi kwenye ampli hiyo hiyo, jua kwamba FM ya Ujapani kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali redio nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Unaweza kuwa na chombo kizuri kisichosikia hata habari za mjini kwako.

Sasa umeme wenyewe. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini kwetu, na bwawa la Ruzizi I lilijengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ilianza kazi mwaka 1989. Tunaishi kwenye mlango wa mitambo na bado delestaji ni sehemu ya maisha yetu, kwa sababu mji umekua mara nyingi kuliko mitambo hiyo. Ila kinachoua ampli si giza. Ni ile dakika umeme unaporudi: nyumba zote zinawaka kwa pamoja, volti zinapanda na kushuka ghafla, na chombo kilichoachwa kimewashwa ndicho kinachopokea kofi la kwanza. Kisha kuna zile saa za jioni ambapo taa inafifia hadi unaona waya wake mwekundu. Ampli ikinyimwa volti inakoroma, inajizima, inajiwasha tena, na mwishowe inajichosha.

Kwa hiyo katika bajeti yako tenga pesa za stabilizateri kabla ya kutenga za bafle ya tatu. Chagua ile yenye kungoja: umeme ukirudi, inakaa kimya dakika kama tatu mpaka mtandao utulie, ndipo inaupitisha. Uwezo wake uzidi mara mbili jumla ya wati za ampli na televisheni, kwani tarakimu za kwenye boksi za vyombo hivi zina ukarimu kuliko ukweli.

Wenye paneli za jua wana hesabu yao. Ampli ya kawaida ya njia tano, ikicheza muziki kwa sauti ya mazungumzo, hula kama wati 50 hadi 60, hata kama kibati kinasema 400. Televisheni ya wastani iongeze 70. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiivuka nusu unaifupishia maisha, basi hesabu 600, utoe na zile zinazopotea kwenye onduleri. Hapo una saa nne, yaani filamu mbili. Tena onduleri iwe ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi-ngazi. Taa hazijali, simu hazijali, lakini transfoma ya ampli inapata joto na bafle zinatoa mvumo usioisha.

Halafu radi. Mwaka 2016 watafiti waliopanga data za setilaiti ya NASA waliorodhesha sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili waliipa jina la Kabare, hapa Kivu, ng'ambo ya milima ya Kahuzi: zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi si majirani wa mbali. Hakuna stabilizateri inayozuia radi. Dawa ni mkono wako. Mbingu ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme, chomoa na ule unaotoka kwenye sahani ya Canal, maana watu wengi huchomoa wa kwanza wakausahau wa pili, na radi ikaingilia huko.

Baada ya hapo ndipo tuongee bafle. Jiulize kwa uaminifu nyumba yako inafanya nini zaidi: inasikiliza au inatazama? Nyumba nyingi ninazozijua husikiliza muziki siku sita na kutazama filamu siku moja. Kwa nyumba ya namna hiyo, ampli nzuri ya bafle mbili inashinda ampli dhaifu ya saba kwa pesa ile ile, na najua wauzaji hawatanipenda kwa neno hili. Muziki mwingi umerekodiwa kwa njia mbili. Rumba ya zamani, ile ya santuri za Ngoma na Loningisa za Léopoldville, ilirekodiwa kwa njia moja tu. Ukiipitisha kwenye vitufe vya "ukumbi" au "uwanja wa mpira" ambavyo ampli za sinema hujisifia, unamweka mwimbaji ndani ya pipa. Tafuta kitufe kilichoandikwa Stereo au Direct, ukiache hapo.

Kwenye filamu mambo yanageuka. Katika filamu ya njia tano, maneno karibu yote hupita kwenye bafle ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni. Anayelalamika kwamba milipuko inatikisa kuta lakini haelewi waigizaji wanasema nini, kwa kawaida ana bafle ya katikati mbovu, au ameiambia ampli anayo kumbe hana. Ukiwa na mbili tu, ingia kwenye menyu uiambie ampli kwamba ya katikati haipo. Itagawa maneno kwa hizo mbili. Pesa zikipatikana, ongeza ya katikati kwanza, ya besi baadaye, na za nyuma mwisho kabisa. Dolby Atmos, inayotaka bafle za juu, naiweka kando: chini ya bati la nyumba nyingi za hapa, msimu wa mvua unakupa sauti za juu bila malipo.

Kuhusu wati, usiamini tarakimu yenye herufi PMPO pembeni. Haipimi kitu cha kweli. Geuza chombo, soma kinavuta wati ngapi ukutani. Kinachovuta 120 hakiwezi kutoa 5,000, hata mwenye duka aape kwa mama yake. Tafuta neno RMS, na uangalie kama kipimo kilifanywa bafle mbili zikicheza au zote. Viwanda vingi hupima mbili. Wati zikizidishwa mara mbili sauti inaongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona kwa shida, kwa hiyo usilipe bei mara mbili kutoka 50 kwenda 100. Kilicho cha maana zaidi ni omu. Ampli ikisema omu 6 hadi 16, usiifungie bafle za omu 4 ulizookota kwenye gari la mjomba.

Nyaya nitazipita haraka. Ukinunua mpya, hakikisha ina tundu la HDMI lenye neno ARC, na televisheni yako pia. Waya mmoja utarudisha sauti ya televisheni kwenye ampli. Ukinunua iliyotumika ya kabla ya mwaka 2009, haitakuwa na ARC, na haitaweza kupitisha picha za 4K. Hilo lisikukatishe tamaa. Peleka picha ya dekoda moja kwa moja kwenye televisheni, na sauti uipeleke kwenye ampli kwa waya wa mwanga. Yamaha au Denon ya zamani iliyotunzwa, iliyofungwa namna hiyo, itakuhudumia kuliko seti mpya nyingi zilizopangwa kwenye maboksi ya rangi.

Dukani, usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Nenda na flashi yako na rumba unayoijua kwa moyo, uende moja kwa moja kwenye sebene. Gitaa la solo, la mi-solo na la rythme hucheza hapo kwa pamoja, kila moja na njia yake. Ampli na bafle nzuri zinakuwezesha kulifuata moja ukiyaacha mengine. Zile mbaya zinayapika yote kuwa uji mmoja, na besi juu yake inapiga noti ile ile hata mpiga besi akihama. Kisha punguza sauti hadi chini kabisa. Utatumia kiwango hicho mara nyingi kuliko unavyodhani: watoto wamelala, au jirani ana msiba na busara inakutaka uongee chini. Ampli nyingi za sinema zina kitufe cha usiku kinachobana milipuko na kuinua maneno. Mwulize muuzaji akuoneshe.

Nyumbani, ampli iwekwe mahali inapopumua, siyo ndani ya kabati lenye kitambaa cha kufumwa juu ya matundu yake. Bafle nzito zisipande juu ya rafu zisizofungwa. Waliokuwa hapa tarehe 3 Februari 2008 wanajua ardhi yetu hutikisika bila kubisha hodi. Sakafu ya vigae na kuta za simenti hurudisha sauti, hivyo zulia na pazia zito vinafanya kazi ambayo wengine huitafuta kwa kununua ampli mpya. Kama ya kwako ilikuja na mikrofoni ndogo ya kupima chumba, iweke pale vinapokaa vichwa vya watu, siyo mezani, kisha wote watoke. Chagua saa ambayo mvua haipigi bati na jenereta ya jirani imezimwa. Vinginevyo ampli itajirekebisha kwa kelele zao.