Somo: Banda la Kuku la Juu na Sakafu Yake



Wewe unayeishi Ngarambe, Kibiti au katika delta ya Rufiji unalijua dungu. Ni kibanda cha juu ya nguzo ambamo mkulima hulala shambani akilinda mpunga wake. Akiwa juu, haogopi unyevu wala wanyama. Je, kuku wako wanalala wapi? Kama wanalala chini, penye unyevu, soma somo hili kwa makini.

Kwa nini kuku walale juu?

Sababu ya kwanza ni kinyesi. Ugonjwa wa kuhara damu huua vifaranga wengi. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha kuku. Vikikaa siku moja au mbili mahali penye joto na unyevu, hupata nguvu ya kuambukiza. Kuku akikanyaga kinyesi hicho, kisha akadonoa hapo, huvimeza. Basi kinyesi kikianguka chini usiku uleule, kuku hakikanyagi.

Sababu ya pili ni maadui wa usiku, kama vile kicheche, nyoka na siafu. Banda la juu huwazuia wengi wao.

Sababu ya tatu ni maji. Banda la mita moja haliwezi kushinda mafuriko makubwa kama yale ya Aprili 2024, yaliyoingia katika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Lakini maji ya masika yanayotuama uani hayatalifikia.

Sakafu ipi inafaa?

*Mbao zilizobanana.* Vifaranga hawaanguki, wala upepo haupiti chini. Lakini kinyesi hubaki juu yake. Lazima ufagie kila siku. Usipofagia, mbao huloa na kuoza, na faida ya kujenga juu imepotea.

*Wavu wa waya.* Kinyesi huanguka vizuri. Lakini wavu hununuliwa kwa fedha, hushika kutu, na ukilegea hubonyea. Waya mwembamba huumiza miguu ya kuku.

*Fito au mianzi iliyopasuliwa.* Hii ndiyo sakafu inayomfaa mwanakijiji. Miti ipo karibu na gharama ni ndogo. Jambo kubwa ni nafasi kati ya fito na fito. Acha upana wa kidole, yaani sentimeta 2 hivi. Ukibana zaidi, kinyesi kitanasa. Ukiachanisha zaidi, mguu wa kuku utazama na kuvunjika. Chonga vifundo, na upande laini uwe juu.

Vifaranga wadogo wasilale juu ya fito hizo. Mweke mama na vifaranga wake mahali pao, penye sakafu kavu iliyotandazwa pumba za mpunga. Pumba zikiloa, zibadilishe.

Namna ya kujenga

1. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji.
2. Kata nguzo imara. Paka oili chafu sehemu itakayofukiwa, ili mchwa wasiile upesi.
3. Fukia nguzo nusu mita. Sakafu iwe mita 1 kutoka chini, ili ufagio upite.
4. Kadiria kuku 5 wakubwa kwa kila mita 1 ya mraba. Banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 2 litatosha kuku 20.
5. Kuta ziwe za fito, zipitishe hewa. Paa la makuti au nyasi litokeze nje, mvua isipige ndani.
6. Tengeneza ngazi ya kuondoa. Kuku wakishaingia, funga mlango na uiondoe.

Zungushia fito chini ya banda. Usipofanya hivyo, mchana kuku watachakura kinyesi kilekile ulichowakinga nacho usiku. Kifagie mara kwa mara na ukipeleke kwenye shimo la mbolea. Bustani yako itashukuru.

Chunguza pia nyufa na matundu ya mianzi. Utitiri hujificha humo mchana, na usiku hunyonya damu ya kuku. Ukiwaona, mwaga maji ya moto.

Jambo la kukumbuka

Banda zuri halizuii kideri. Kideri huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na pamoja nao daftari za watoto na akiba ya nyumba. Kinga yake ni chanjo. Muulize Bwana au Bibi Mifugo juu ya chanjo ya matone ya jicho. Kuku hutiwa tone 1, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjeni kijiji kizima siku moja, kwa maana kuku wa jirani ni kuku wako pia.

Maswali

1. Kwa nini kinyesi kilichokaa siku mbili ni hatari?
2. Taja faida moja na hasara moja ya sakafu ya mbao.
3. Banda lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Litatosha kuku wangapi?
4. Jadilianeni darasani: mnaweza kujengeana mabanda kwa zamu?