Ponti ya nyuma inalia: tusikilize kwanza, tufungue kisha



Kila mmoja anajua namna barabara zetu zinavyoumiza magari. Gari inayovuta kwa magurudumu manne, kama vile Land Cruiser ao Land Rover, njo inaleta unga wa shule, njo inapeleka mgonjwa hospitali usiku. Siku moja nyuma yake inaanza kulia. Shofere anasema: ponti imekufa. Fundi anafungua, anabadilisha piese ya bei kali, na makelele yanabaki palepale. Feza imekwenda, gari imelala.

Somo letu ni hili: makelele yako na kanuni yake. Mwenye kuuliza vizuri anaweza kujua piese gani inagonjwa mbele ya kufungua bulo hata moja.

1. NDANI YA PONTI

Nguvu ya mashini inapita kwa kardani na kufika kwa pinyoni, gurudumu dogo la meno. Pinyoni inazungusha kurone, gurudumu kubwa la meno. Diferansiyali imefungwa kwa kurone. Ndiyo inaruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani katika kona, kwa sababu njia yake ni ndefu zaidi. Mihimili miwili inapeleka nguvu kwa magurudumu. Na kila kinachozunguka kinakaa juu ya rulema.

2. MASWALI MATANO

Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma na kusikiliza.

a) Barabara ikibadilika, sauti inabadilika? Kama unatoka kwa udongo na kuingia kwa lami na sauti inageuka, shitaki mipira kwanza. Mipira ya meno makubwa inalia sana.

b) Mguu unafanya nini? Ikilia uuuu wakati wa kukanyaga mafuta na kunyamaza ukiachilia, ao kinyume chake, angalia pinyoni na kurone: meno yamechakaa ao hayakutani sawasawa.

c) Inanguruma sawasawa, ukanyage ao uachilie, na kuzidi pamoja na mwendo? Hiyo ni desturi ya rulema.

d) Katika kona? Ukikata kuume, uzito unaegemea kushoto. Ngurumo ikizidi hapo, fikiri rulema ya gurudumu la kushoto. Kama ni ko-ko-ko katika kona tu, fikiri meno madogo ya diferansiyali. Lakini uulize shofere kwanza kama ameacha magurudumu manne yanavuta. Katika magari mengi ya kazi, ukifanya hivyo juu ya barabara ngumu na kavu, ponti ya mbele na ya nyuma zinashindana, na gari inalalamika bila ugonjwa wowote.

e) Inapiga ko! mara moja tu, ukianza kutembea ao ukigeuza kwenda nyuma? Shika kardani kwa mkono na uitikise. Mara nyingi viungo vyake vimelegea.

3. HESABU KIDOGO

Fizike ya darasani inafaa hapa. Tuseme mpira ukizunguka mara moja, gari inasogea mita 2,5. Kwa mwendo wa kilometa 9 kwa saa, gari inakwenda mita 2,5 kwa sekunde: gurudumu linazunguka mara 1 kila sekunde. Kama kurone iko na meno 37 na pinyoni meno 9, basi 37 : 9 = 4,1. Kardani inazunguka mara 4 na zaidi kidogo katika sekunde ileile.

Sasa hesabu mapigo. Pigo moja kila sekunde linatoka kwa kitu kinachokwenda pamoja na gurudumu: jiwe katika mpira, fereni, ao jino la kurone lililovunjika. Mapigo manne yanatoka kwa pinyoni ao kardani. Saa na masikio vimekuambia upande wa kutafuta.

4. CHINI YA GARI

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa kriki, kisha simamisha gari juu ya magogo imara. Usiingie kamwe chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake: kriki ikiteleza, hakuna nafasi ya pili.

Toa vitesi na fereni ya mkono. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, rulema imelegea ao imekwisha. Lizungushe polepole, mkono mwingine juu ya resori: rulema mbaya inatetemesha chuma.

Kisha angalia mafuta ya ponti. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya bushoni si ajabu. Vipande vya chuma ni hatari. Mafuta meupe kama maziwa yanaonyesha maji yameingia. Sababu? Ponti ya moto ikiingia katika mto wa baridi, hewa ya ndani inajikunja. Kama tundu la kupumulia limezibwa na matope, ponti inanyonya maji kupitia kwa joenti. Kusafisha tundu hilo hakuombi feza.

5. KWA NINI TUSINGOJE

Rulema ya pinyoni ikilegea, pinyoni inahama mahali pake na kula meno ya kurone. Piese moja imekuwa ponti nzima. Rulema ya gurudumu ikivunjika, mafuta yanaweza kumwagika juu ya fereni, na gurudumu lenyewe linaweza kutoka njiani. Ndani ya gari mule wamo watu.

ZOEZI

1. Gari inalia ukikanyaga mafuta, inanyamaza ukiachilia, juu ya lami na juu ya udongo vilevile. Utafungua wapi?

2. Gari ileile inakwenda kilometa 18 kwa saa. Gurudumu na kardani vinazunguka mara ngapi kwa sekunde?

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita